Huruma Humponya Naye Aitoaye

Wazee wetu walinena: Kutoa ni moyo, usambe ni utajiri. Neno hilo twalijua sote, nasi twalikumbushana kila yanapotakiwa matoleo kanisani. Lakini leo twapenda kuuliza jambo ambalo pengine hatujalifikiri sana: Je, huruma humfaa yule tu ahurumiwaye, au humrudia pia mwenye kuhurumia?

Nabii Isaya alikwisha kulijibu swali hilo zamani sana. Katika sura ya 58 ya kitabu chake, watu wanalalamika kwamba wamefunga chakula, na kumbe Mungu hawatazami. Nabii anawaagiza wamgawie mwenye njaa mkate wao, wamkaribishe maskini asiye na makao, wamvike aliye uchi. Ndipo nuru yao itakapopambazuka, nao watapona upesi. Tuangalie vema: hapo hasemi habari ya kupona kwa maskini, bali ya kupona kwao wenyewe walio watoaji.

Mtakatifu Fransisko wa Asizi alilionja jambo hilo. Katika wasia wake wa mwaka 1226, ndio mwaka wa kufa kwake, alikiri kwamba katika ujana wake kuwatazama wakoma kulikuwa kuchungu mno. Alipokwenda kati yao na kuwahurumia, uchungu ule uligeuka kuwa utamu wa roho na mwili. Hata wataalamu wa siku hizi wamelichungua jambo hilo. Mwaka 2008 Elizabeth Dunn, Lara Aknin na Michael Norton walitangaza jaribio walilolifanya huko Kanada. Waliwapa watu dola 5 au 20. Wengine wakaambiwa wajinunulie mahitaji yao, wengine wazitumie kwa ajili ya mtu mwingine. Jioni, waliowafadhili wenzao walionekana kuwa na furaha zaidi, wala kiasi cha fedha hakikuleta tofauti. Kweli, kutoa ni moyo!

Walakini tusidanganyane. Huruma si fedha ya kununulia afya. Mtakatifu Damiano, padre Mbelgiji, alifika Molokai katika Visiwa vya Hawaii mwaka 1873 kuwahudumia wakoma. Aliambukizwa ukoma, akafa tarehe 15 Aprili 1889. Atendaye mema kwa kuhesabu faida amefanya biashara tu. Furaha ya huruma ni kama kivuli: ukikifukuza chakukimbia, ukiendea mwanga chakufuata nyuma.

Tena liko jambo linalotutia uchungu. Katika nyumba nyingi za Wakristo yupo mama anayemuuguza mkwewe asiyeweza kuinuka kitandani. Usiku humgeuza, alfajiri humwogesha na kufua mashuka, kisha hushika jembe kwenda shambani. Jumapili ndugu huja na sukari na machungwa, huuliza hali ya mgonjwa, husali Rozari, huenda zao. Hakuna amwambiaye: Na wewe, mama, umelala? Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi! Nguvu zikimwishia, hasira humtoka, akamkaripia mgonjwa. Naye huenda kuiungama hasira hiyo kwa machozi. Kumbe pengine dhambi iliyo kubwa zaidi ni yetu sisi tuliomwachia mzigo, ambao hata hatujafikiri kuiungama.

Tumtazame Msamaria wa Injili. Alimfunga majeruhi vidonda, akampandisha juu ya mnyama wake, akamfikisha kwenye nyumba ya wageni. Kesho yake alimpa mwenye nyumba dinari mbili, akamwomba amtunze, akaahidi kurudi. Hakudai kufanya yote peke yake, wala hatumhesabu kuwa alikosa huruma. Naye Bwana Wetu, alipoona mitume wamekosa hata nafasi ya kula, aliwaita kando wapumzike. Kupumzika kwa mwenye kuhudumia si uvivu. Ni haki yake.

Basi, ninyi akina baba na akina mama, nanyi vijana, mkikutana katika jumuiya zenu juma hili, msiishie kuulizia hali ya mgonjwa. Mwulizeni na yule anayemuuguza. Pangeni zamu: huyu achote maji, huyu afue, huyu akeshe usiku mmoja. Wala wanaume wasiseme kwamba hiyo ni kazi ya wanawake, maana Msamaria alikuwa mwanamume.

Atakayekesha usiku huo badala ya mwenzake ataamka, au tuseme hatalala, macho yakiwa mazito. Lakini kutakapokucha atauona moyo wake kuwa mwepesi kuliko jana. Hapo atajua mwenyewe ni nuru gani Nabii aliyoisema. Mwenyezi Mungu atujalie sote kuiona.