Imani ni Zawadi, Sio Alama ya Mtihani



Wapendwa vijana wenzangu, juzi kijana mmoja aliniambia hivi: "Frateri, wewe una digrii ya falsafa. Nithibitishie kwamba Mungu yupo, na mimi Jumapili narudi kanisani." Zamani ningemjibu papo hapo. Safari hii nilinyamaza kwanza, na leo nataka kuwaambia kwa nini.

Nilipokuwa nasoma falsafa nilizijua vizuri zile njia tano za Mtakatifu Thoma wa Akwino za kuonyesha kwamba Mungu yupo. Mtihani nilifaulu. Mwaka uleule mdogo wangu akafariki. Usiku wa msiba bibi akaniomba niongoze Rozari, maana mimi ndiye frateri. Nilianza vizuri, lakini tendo la pili nikakwama. Sio kwamba nilisahau maneno. Kusema kweli, ndani yangu palikuwa pakavu, nikawa najiuliza kama kuna anayesikia. Hoja zote tano nilikuwa nazo kichwani, na hakuna hata moja iliyonisaidia kusema Salamu Maria inayofuata.

Bibi, ambaye hajui kusoma, akaipokea sala palepale nilipoiacha. Watu wakaitikia. Baada ya muda nikajikuta na mimi naitikia.

Je, maana yake akili haina kazi? Hapana, tusifike huko. Mtaguso wa Kwanza wa Vatikano, mwaka 1870, ulifundisha kwamba kwa mwanga wa akili yake binadamu anaweza kumjua Mungu kwa hakika kupitia viumbe. Mtakatifu Yohane Paulo II, katika waraka wake *Fides et Ratio* wa mwaka 1998, alifananisha imani na akili na mabawa mawili. Kwa hiyo anayekwambia "wewe amini tu, usiulize" hakufundishi Ukatoliki.

Lakini akili ina mahali inapofika na kusimama. Inaweza kukufikisha kwenye "yupo". Peke yake haiwezi kukwambia kwamba huyo ni Baba, Mwana na Roho Mtakatifu, wala kwamba yumo katika Ekaristi unayoipokea. Watu wengi walimwona Yesu yuleyule aliyeonwa na Petro. Petro alipokiri kwamba ndiye Kristo, Yesu alimweleza kuwa hilo hakulipata kwa binadamu, bali kwa Baba (Mt 16:17). Ndiyo maana Katekisimu, namba 153, inaiita imani zawadi ya Mungu.

Thoma mwenyewe alilijua hili. Tarehe 6 Desemba 1273, baada ya kuadhimisha Misa, aliacha kuandika. Alipoombwa aendelee, alisema yote aliyoyaandika anayaona kama mabua tu mbele ya yale aliyofunuliwa. Hakusema ni uongo. Alisema ni madogo.

Najua mwingine atauliza: "Sasa kama ni zawadi, mbona mimi sijapewa?" Ndugu yangu, zawadi hii huombwa. Mtu mzima anapokuja kubatizwa huulizwa anaomba nini kwa Kanisa, naye hujibu kwamba anaomba imani. Haji nayo ikiwa imekamilika mfukoni. Na yule baba katika Marko sura ya 9, mwenye mtoto mgonjwa, alikiri kwamba anaamini na hapohapo akaomba asaidiwe kwa kutokuamini kwake. Yesu hakumwambia akajipange kwanza. Alimponya mtoto.

Basi yule kijana nilimjibu hivi: hoja nitakupa, karibu tukae tuzungumze hata mpaka usiku. Ila usisubiri ziishe ndipo uje. Jumapili njoo, kaa hata benchi la nyuma, mwambie Mungu ukweli wako, hata kama ukweli wenyewe ni kwamba huna uhakika kama yupo. Ukishindwa kusali, sikiliza wenzako wanavyosali. Mimi ndivyo nilivyorudishwa.

Kifo cha mdogo wangu sijakipatia hoja mpaka leo. Siku nyingine bado panakauka. Lakini Rozari nasali, na nikikwama najua Kanisa linaendelea kusali.

Tusali: Ee Bwana, akili umetupa, tunashukuru. Utupe na imani, na pale ilipo ndogo uilinde. Amina.

Ni mimi frateri wenu. Mniombee, nami nawaombea.