Kwani Upendo ni Jina la Wasichana Tu?



Kijana mwenzangu, leo tuongelee jambo ambalo wengi tunalichukulia kama utani. Mwalimu anasoma orodha ya darasa: "Furaha!" Anasimama kijana wa kiume, ndevu zimeshaanza kuota, na darasa zima linaangua kicheko. Au msichana anaitwa Baraka, anafika shuleni anakuta amepangiwa bweni la wavulana kwa sababu aliyepanga hakuuliza. Sisi tunacheka, tunasahau. Mwenye jina hasahau. Wapo wenzetu wameshajibandika majina mengine mitandaoni, na ukiwaita kwa jina walilopewa na wazazi wao wanaona aibu.

Jamani, tuanze na ukweli kwamba majina ya namna hii ni mengi kwetu. Imani, Tumaini, Amani, Furaha, Bahati: utawakuta kaka zetu, utawakuta dada zetu. Kiswahili chenyewe hakitusaidii kukisia. Ukisema "Tumaini amefika", asiyemjua hawezi kujua kama ni kaka au dada mpaka amwone. Kwa jirani zetu wa Rwanda, Uwimana, yaani "wa Mungu", ni jina la mwanaume na pia la mwanamke. Na kweli, nani kati yetu si wa Mungu?

Kwenye falsafa tunasoma kwamba Aristotle alifundisha hivi: neno linapata maana kwa makubaliano ya watu, si kwa asili. Tukubali basi kwamba neno "Neema" halina jinsia ndani yake. Ni sisi tulizoea, bila hata kikao, kwamba Neema ni dada na Baraka ni kaka. Mazoea hayo si dhambi, tena yanasaidia. Na Mungu kweli aliumba mwanamume na mwanamke (Mwa 1:27). Hilo halikutokana na makubaliano yetu. Ila uanaume wa kaka yetu Furaha haukutoka kwenye jina lake, kwa hiyo hata tukicheka vipi hatuwezi kumwondolea.

Sasa angalia jambo moja. Mtume Paulo anataja fadhila tatu zinazodumu: imani, tumaini na upendo (1Kor 13:13). Zote tatu ni majina ya watu kwetu. Imani na Tumaini tunawapa watoto wa kiume na wa kike. Upendo je? Mara nyingi tunawaachia wasichana. Na Paulo anasema hiyo ndiyo iliyo kuu! Naogopa kwamba hatujaishia kwenye jina tu. Kijana wa kiume akilia msibani, akimhudumia mama yake mgonjwa, akiomba msamaha, kuna mtu atamwambia "acha mambo ya kike". Eti kupenda ni kazi ya kina dada. Hapo ndipo utani unapogeuka kuwa mafundisho mabaya.

Tuwatazame watakatifu. Kati ya Mashahidi 22 wa Uganda waliotangazwa watakatifu na Papa Paulo VI tarehe 18 Oktoba 1964, yupo Yohane Maria Muzei. Umeliona jina? Maria! Mwanaume wa zama za Kabaka Mwanga anabeba jina la Mama wa Mungu. Wenzake walikuwa wamechomwa moto Namugongo tarehe 3 Juni 1886, hivyo alijua vizuri kinachoweza kumpata. Alibaki na imani yake, akauawa tarehe 27 Januari 1887, wa mwisho kati yao. Yupo pia Yohane Maria Vianney, msimamizi wa maparoko. Yupo Maximilian Maria Kolbe, aliyejitolea kufa kule Auschwitz mwaka 1941 badala ya baba mwenye familia. Nani atasimama mbele ya hawa awaambie wana jina la kike? Kwao Maria ni mama wa kumwomba na mfano wa kuiga.

Na dada yetu Josefina Bakhita wa Sudani? Aliibwa akiwa mtoto, akauzwa utumwani, na kwa mateso yale akasahau jina alilopewa na wazazi wake. "Bakhita" ni jina alilopachikwa na watekaji. Kwa Kiarabu ni mwenye bahati, ndugu kabisa wa jina letu Bahati. Kumwita hivyo mtoto uliyemwiba ni dhihaka. Lakini alipobatizwa nchini Italia mwaka 1890, Bakhita hakulitupa. Leo Kanisa zima linamwita kwa jina hilohilo, na sasa ni kweli.

Kwa hiyo, mambo matatu wiki hii.

Wewe unayechekwa: waulize wazazi au walezi wako kwa nini walikupa jina hilo. Huenda walikuwa wanamshukuru Mungu kwa jambo ambalo hujawahi kuambiwa. Kisha soma Isaya 43:1, uone ni nani anayekuita kwa jina.

Wewe unayecheka: Katekisimu (namba 2158) inatufundisha kwamba jina la mtu ni takatifu na linadai heshima. Mwombe mwenzako radhi. Usiseme "nilikuwa natania tu".

Na wewe utakayekuwa mzazi, au msimamizi wa ubatizo: Sheria ya Kanisa (Kan. 855) inataka jina lisiwe geni kwa roho ya Kikristo. Haisemi Upendo ni wa kike. Ukimpata mtoto wa kiume ukatamani kumwita Upendo, mwite. Halafu mfundishe kuliishi.

Tusali: Ee Bwana Yesu, ulimwita Maria Magdalena kwa jina lake pale kaburini naye akakutambua. Utuite nasi kila mmoja kwa jina lake, utujalie kuliitikia bila aibu. Amina.