Kula ni Lazima

Kuna kanuni moja ya drafti iliyoninyima raha tangu utotoni: ukiwa na kete ya kula, unakula. Hutaki? Utakula tu. Hata kama unaona kabisa kwamba nyuma ya kete hiyo moja kuna tatu zako zinazokwenda.

Nilijifunzia Muleba, chini ya mti, kwa vizibo vya soda, 12 kwa 12, mmoja kavilaza kifudifudi na mwingine kavigeuza. Baba mdogo alikuwa ananisogezea kizibo taratibu huku anatazama barabara ya Bukoba, kama hana habari. "Karibu chakula, mwanangu." Nakula. Naye anakula tatu, anaingia kingi. Nikilalamika anacheka: "Mimi nimekufanya nini? Umekula mwenyewe."

Si drafti peke yake. Kwenye bao pia, palipo na kula huruhusiwi kutakata. Na wanaocheza michezo ya mezani ya mashujaa na mazimwi, kama Dungeons & Dragons iliyotoka Marekani mwaka 1974, hawaishi kubishana juu ya kanuni zinazomwamulia mpiganaji lini apige na lini asipige. Kero ni ileile: upanga ninao, lakini mkono si wangu.

Sasa, ni haki kulaumiwa kwa pigo ambalo kanuni imekulazimisha?

Zamani ningejibu hapana, haraka. Siku hizi nasita. Kwanza, iondoe kanuni hiyo uone. Mwenye kete nyingi atajikalia zake, na mwenye chache hatakuwa na la kumfanya. Kutega ni silaha ya mnyonge, na mtego hauna maana kama mkubwa anaweza kukataa chambo. Pili, kanuni haikuamulii mchezo mzima. Hatua mbili kabla, hakuna aliyenishika mkono. Kizibo nilikisogeza pale mwenyewe, kwa tamaa ya kingi. Lazima yangu ilianza nilipokuwa bado huru.

Hilo linaniuma kwa sababu nyingine. Baada ya kumzika baba, ukoo ulikaa kuzungumzia kibanja. Kaka yangu wa mama mwingine akatamka neno moja kuhusu mama yangu, mbele ya wazee. Nikajibu. Nilijibu vibaya, na huu ni mwaka wa nne hatujapeana mkono. Siku zote nimejitetea: ningefanyaje? Ilibidi.

Nani aliniambia ilibidi? Kile kikao hakikuwa ubao. Ningeweza kuliacha lile neno pale pale mkekani, wazee wote wakaliona limebaki, na aibu ikawa yake. Kanuni ya kula lazima niliibeba mwenyewe kutoka chini ya mti. Na hata tukisema hasira nayo ina lazima yake, bado kuna hatua mbili za nyuma: kabla ya kikao nilishazunguka kibanja nahesabu migomba, nasubiri aseme.

Desemba nitatoka Bukoba kwenda nyumbani Muleba. Atasema neno, namjua. Sijui kama nitaweza kuliacha. Ila safari hii nikila, sitasema ni kanuni.