Somo la 7: Majina Katika Matangazo

SABATO MCHANA

Soma kwa ajili ya somo la juma hili: Matendo 6:1–7, Warumi 16:1–16, 1 Wakorintho 16:1–12, Wafilipi 2:25–30, 2 Timotheo 4:9–21, Yakobo 5:13–16.

Fungu la kukariri: Wafilipi 2:4.

Kila Sabato, Shule ya Sabato ikishakwisha na kabla ibada kuu haijaanza, karani wa kanisa au mzee wa zamu husimama mbele na karatasi. Wengi wetu huo ndio wakati wa kutoka kunywa maji, kumbadilisha mtoto nepi au kusalimiana na wageni mlangoni. Karatasi yenyewe twaijua. Kwaya itafanya mazoezi Jumatano jioni. Dorkasi watakutana Jumapili. Ahadi za makambi zimebakiza majuma matatu. Mabati ya chumba cha watoto hayajatimia. Sabato ijayo ni Meza ya Bwana, washiriki waje na taulo za kuoshana miguu.

Katika kanisa dogo, lenye washiriki ambao mzee wa kanisa anaweza kuwahesabu kwa macho akiwa madhabahuni, karatasi hiyo ndiyo picha ya maisha ya juma zima. Humo utaona kanisa linashughulika na nini. Utaona pia, ukisikiliza vizuri, nani hatajwi kabisa. Juma hili tutaichukua karatasi hiyo na kuisoma mbele ya Neno la Mungu.

JUMAPILI: Karatasi ya Paulo

Soma 1 Wakorintho 15:51–58, kisha uendelee moja kwa moja hadi 16:12. Usisimame kwenye mwisho wa sura. Mgawanyo wa sura uliingizwa katika Biblia karne ya 13. Waumini wa Korintho walisomewa barua nzima kwa mfululizo.

Tazama jinsi mambo yanavyofuatana. Paulo amefika kilele: parapanda italia, wafu watafufuliwa, mauti imeshindwa. Kisha, bila hata kupumua, anazungumzia changizo kwa ajili ya watakatifu wa Yerusalemu, na namna ya kuweka akiba mapema ili asije akakuta watu wanahangaika kutafuta fedha siku ya kufika kwake. Anaeleza ratiba ya safari: atakaa Efeso mpaka Pentekoste, atapitia Makedonia, huenda akamaliza majira ya baridi kwao. Timotheo akija, wasimdharau. Apolo hataweza kuja kwa sasa.

Haya ni matangazo. Kwa Paulo, ufufuo na changizo vilikuwa katika barua moja, na msomaji yule yule alivisoma kwa sauti ile ile.

Katika 2 Timotheo 4:9–21 mzee huyu yuko kifungoni, anajua saa yake ya kufariki imefika, na bado anaulizia joho aliloliacha Troa kwa Karpo, na vitabu vyake. Anataarifu kwamba Trofimo amebaki Mileto akiwa mgonjwa. Anaomba Timotheo afike kabla ya majira ya baridi. Wapo wanaodhani kwamba mtu wa kiroho sana hatajishughulisha na mambo ya nguo na nauli. Basi na wamsome Paulo.

Mgonjwa gani wa kanisani kwenu hajawahi kutajwa katika matangazo ya robo hii?

JUMATATU: Dada kutoka Kenkrea

Soma Warumi 16:1–5. Fibi ametoka Kenkrea, mji wa bandari karibu na Korintho. Huko ni mhudumu wa kanisa na amewasaidia watu wengi, Paulo akiwa mmoja wao. Lakini Rumi ni mgeni. Hakuna anayemjua. Kwa hiyo Paulo anawaandikia mambo mawili: wampokee kama inavyowapasa watakatifu kupokeana, na wamsaidie katika neno lolote atakalohitaji. Hasemi ni neno gani. Anawaachia wao wamuulize.

Wanaofuata ni Priska na Akila. Hawa nao ni watu wa kuhamahama. Kaisari Klaudio aliwafukuza Wayahudi wa Rumi, wakakimbilia Korintho (Matendo 18:2), wakaenda Efeso, na sasa wamerudi Rumi na kanisa linakutana nyumbani mwao. Kila walipohamia walifika na kanisa lao.

Sisi tunaoishi upande wa Ubungo hatuhitaji kufafanuliwa sana jambo hili. Kwa miaka mingi aliyetoka bara kwa basi aliteremka hapa akiwa na begi na namba ya simu ya ndugu yake. Ubungo tumeona pia watu wakiondoka. Mwaka 2017 nyumba nyingi kandokando ya Barabara ya Morogoro, kuanzia Kimara kuelekea Kibaha, zilibomolewa kupisha upanuzi wa barabara. Mwaka 2021 mabasi ya mikoani yakahamia kituo kipya cha Mbezi Luis, na mama lishe, wauza maji na wabeba mizigo waliokuwa wakiishi kwa abiria wakalazimika ama kuyafuata mabasi au kutafuta kazi nyingine. Mtu akihama namna hiyo, hahami kwa sherehe. Anafunga godoro juu ya bajaji usiku, na Sabato ile benchi lake liko wazi.

Hata wamisionari Ehlers na Enns walipofika Giti, katika milima ya Upare, mwaka 1903 kuanzisha kazi ya Waadventista katika nchi hii, walifika kama wageni wanaohitaji kupokelewa na wenyeji. Hakuna kanisa lisilotokana na mtu aliyehama.

JUMANNE: Kusomwa mara ya kwanza na mara ya pili

Kanisa letu lina utaratibu wake wa kufanya lile ambalo Paulo alimfanyia Fibi. Mshiriki anayehamia mahali pengine kwa zaidi ya miezi sita anapaswa kuomba uhamisho wa ushirika. Jina lake hupitia barazani, kisha husomwa mbele ya kanisa mara ya kwanza, na Sabato inayofuata husomwa mara ya pili na kupigiwa kura. Kanisa linalompokea hufanya vivyo hivyo. Wengi huuona kuwa ni urasimu tu. Mkono unanyooka huku jicho likiwa kwenye saa.

Lakini fikiri ni nini kinafanyika pale. Jina la mtu mmoja, labda kijana fundi seremala aliyekuja mjini kutoka Mara, linatajwa mara mbili mbele ya watu wote, nao wanaulizwa kama wako tayari kumchukua awe wao. Mara mbili, ili asiwepo wa kusema hakusikia.

Sasa linganisha na hali ilivyo. Katika makanisa mengi ya mjini utakuta vitu viwili kwa pamoja. Kuna majina katika kitabu ambayo hayana sura: yupo aliyehama tangu ule ubomoaji na hakuna anayejua alikoelekea. Na kuna sura benchini ambazo hazina jina katika kitabu: yupo aliyesali nasi miaka mitano, anatoa zaka, anaimba kwaya, ukimuuliza atakwambia, "Ushirika wangu uko nyumbani." Nyumbani ni Musoma au Same, ambako hajafika tangu mazishi ya baba yake.

Tatizo hujitokeza siku ya msiba. Ndugu huyo akifariki, mwili uko hospitali, jamaa wanapiga simu kwa yeyote wanayemjua, na wazee wa kanisa wanaanza kuulizana, "Huyu alikuwa mshiriki wetu au wa wapi?" Si swali la ubaya. Linaulizwa kwa sababu kuna taratibu za kufuata. Ila ni swali lililopaswa kuulizwa miaka mitano nyuma, alipoketi benchi la nyuma kwa mara ya kwanza na tukamwomba asimame pamoja na wageni, tukampigia makofi, akaketi.

Lawama haziko upande mmoja. Wapo wanaokwepa uhamisho kwa makusudi, kwa kuwa mwenye ushirika huchaguliwa, na aliyechaguliwa huwajibika. Wengine wanaogopa barua itakayosema nini juu yao. Kwa hao wa pili, mwende kwao wawili wawili, kwa upole, na si kwa kutangaza.

JUMATANO: Tangazo ambalo hakuna anayetoka nje

Lipo tangazo moja ambalo kanisa zima hukaa kimya kulisikiliza: la ndoa. Hata watoto wa Watafuta Njia hutulia. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inataka taarifa ya siku 21 kabla ya kufunga ndoa, na ndugu zetu Waanglikana, Walutheri na Wakatoliki wana desturi ya siku nyingi ya kulisoma jina la bwana na bibi arusi mara tatu. Sababu ni ile ile: aliye na kizuizi aseme, na wote wawe mashahidi.

Tunasikiliza kwa sababu tunajua tutaulizwa. Fikiri kama jina la mgonjwa lingesikilizwa hivyo.

ALHAMISI: Wajane wasio na WhatsApp

Soma Matendo 6:1–7. Kanisa la Yerusalemu lilikuwa linakua haraka, na ukuaji huo huo ndio uliowasahaulisha wajane wa Kiyunani katika huduma ya kila siku. Luka hasemi kwamba kuna aliyekusudia kuwanyima. Walipitwa tu. Pengine taarifa zilitembea kwa lugha ambayo wao hawakuielewa vizuri.

Siku hizi matangazo yetu yamehamia kwenye kundi la WhatsApp. Ni jambo jema. Habari ya msiba inafika kwa dakika moja. Ila katika kanisa lolote la huku pembezoni wapo akina mama wanaotumia simu ya kitochi, na wapo wenye simu nzuri ambao hawana fedha ya bando. Muda wa Meza ya Bwana ukibadilishwa Alhamisi usiku kundini, mama wa aina hiyo atafika na taulo lake wakati watu wanatoka. Hatalalamika. Atasema, "Mapenzi ya Bwana," na kutafuta daladala ya kurudi. Wajane wa Yerusalemu angalau walikuwa na wa kuwasemea.

Tazama mitume walifanya nini. Hawakuwakemea walionung'unika. Waliita mkutano wa wanafunzi wote, wakawaambia wachague watu saba. Majina ya wale saba tumehifadhiwa: Stefano, Filipo, Prokoro, Nikanori, Timona, Parmena na Nikolao. Yote ni majina ya Kiyunani. Yaelekea kanisa lilikabidhi ugawaji kwa watu wa upande ule ule uliokuwa ukisahauliwa. Kisha Luka anaandika kwamba neno la Mungu likaenea na hesabu ya wanafunzi ikazidi. Wanaopanga efoti ya robo ijayo, na bajeti ya maturubai na vipaza sauti, wasome mafungu haya kwa utaratibu wake: kwanza mezani kwa wajane, ndipo fungu la saba.

IJUMAA: Jifunze zaidi

Soma Wafilipi 2:25–30. Epafrodito aliugua karibu na kufa, na alihuzunika kwa sababu watu wa kanisa lake walisikia kwamba anaumwa. Alijua wangehangaika. Soma pia Yakobo 5:13–16, na ujiulize mgonjwa atawaitaje wazee ambao hawana namba yake, wala yeye hana yao.

Maswali ya kujadili:

1. Hesabuni majina aliyoyataja Paulo katika Warumi 16:3–16. Wangapi kati yao wanatajwa kwa kazi waliyofanya? Je, washiriki wa darasa lenu mnayajua majina kamili ya wote mlioketi nao leo?

2. Katika darasa lenu, nani anasali hapa na ushirika wake uko mahali pengine? Ni nini kinachomzuia kuuhamisha, na kanisa linaweza kumsaidiaje bila kumwaibisha?

3. Ni nani atakayewapelekea matangazo wasio katika kundi la WhatsApp? Mtajeni kwa jina, na siku atakayopita.

4. Mwalimu achukue kadi ya darasa na kusoma majina ya ambao hawajaonekana kwa Sabato nne. Kama mmoja wao amehamia Mbezi au Kibaha, nani atakwenda mchana huu, na nauli ya kwenda na kurudi itatoka wapi?