Mtego Unaosimama Hata Ukionekana

Wanangu wa Lusangi, nanyi mliokuja likizo kutoka Kasongo na Kabambare, nawaona jioni chini ya mwembe mkiacha dame ya vifuniko vya chupa na kuhamia sataranji, wengine kwenye ubao, wengine kwenye simu. Nafurahi. Mchezo unaomkalisha kijana kimya saa nzima akiwaza ni wa kuheshimiwa. Ila nasikia kila mmoja anaulizia jambo moja: "Nipe mtego wa kumfunga mtu upesi." Hapo ndipo nina neno.

Ule wa hatua nne mnaujua. Mweupe anatoa askari hadi e4, malkia anaruka hadi h5, askofu anakaa c4, na mweusi akijisahau, malkia anakula f7 na mfalme kafungwa. Mtamu, lakini ni wa siku moja. Kesho mwenzako atasukuma askari wa g hadi g6, malkia wako akimbie. Ukimrudisha f3 kutishia tena, farasi wake atasimama f6 na kuziba njia. Jeshi lake linazidi kutoka, lako linamkimbiza malkia huku na huko.

Kuna mwingine uliopewa jina la Blackburne, Mwingereza aliyezaliwa 1841 na kufariki 1924. Husimuliwa kwamba aliwanasa nao wachezaji wa mikahawani kwa dau la shilingi. Mweupe ametoa askari e4, farasi f3, askofu c4. Mweusi ametoa askari e5 na farasi c6, kisha farasi huyohuyo anaruka d4 na kuiacha e5 bila mlinzi. Mweupe mwenye tamaa anaila e5 kwa farasi. Malkia mweusi anatokea g5. Mweupe anaona f7, anakula tena, kwani hapo farasi wake anatishia malkia na ngome kwa pamoja. Malkia mweusi hajali, anakula g2. Ngome ya mweupe inakwenda f1, malkia anakula e4 na kumtisha mfalme, askofu anarudi e2 kumkinga, na farasi mweusi anatua f3. Kwisha! Askofu hawezi kumla farasi huyo, maana akitoka e2 mfalme anabaki wazi mbele ya malkia.

Mzuri kuutazama, sivyo? Sasa mwondoe tamaa yule mweupe. Farasi mweusi akiruka d4, mweupe anamla tu kwa farasi wake, na mweusi analipiza kwa askari. Tazama ubao: mweusi hana kete kubwa hata moja iliyotoka, ana askari mmoja tu pale d4. Mweupe ana askofu nje, ana kati ya ubao, na zamu ni yake. Mweusi alicheza kwa kutegemea ujinga wa mwenzake; ujinga ulipokosekana, hakubaki na kitu.

Je, mitego yote ni mibovu? Hapana. Mchukueni Légal, mchezaji wa Paris wa karne ya 18 aliyemfundisha bingwa Philidor. Katika mtego wake, mweupe ana askofu c4 na farasi wawili, c3 na f3. Mweusi ana askari e5 na d6, amepoteza zamu moja kusogeza askari g6, na askofu wake yuko g4 akimbana farasi wa f3, maana nyuma ya farasi huyo yuko malkia. Mweupe anakula e5 kwa farasi, malkia anaachwa wazi. Mweusi akimla malkia, askofu anakula f7, mfalme anakimbilia e7, farasi wa pili anatua d5 na mchezo umekwisha. Mweusi akiushtukia, akamla farasi kwa askari wa d6, malkia mweupe anamla askofu wa g4, na mweupe amebaki na askari mmoja zaidi. Mtego umeonekana, na bado una faida.

Lakini weka farasi mweusi c6 badala ya ule mwendo wa g6, kisha mweupe arudie uleule wa kula e5. Farasi mweusi anamla wa e5 na papo hapo anamlinda askofu wa g4. Mweupe kapoteza farasi kwa askari mmoja. Jina la mtego ni lilelile, hila ni ileile, kete moja tu imebadilisha hukumu. Ndiyo maana nasema msikariri mtego bila kusoma ubao.

Ninyi ni watoto wa wakulima, mtanielewa. Mtu wa hapa hutega ndezi pembezoni mwa shamba lake la muhogo. Ndezi asiponaswa, muhogo bado unakua. Hakuna mwenye akili anayeacha kulima akaenda kukaa karibu na kitanzi.

Kwa hiyo kabla hujasogeza kete, jiulize: mwenzangu akiuona mtego huu, mimi nabaki na nini? Ukibaki na kete iliyokaa mahali pema, cheza. Ukibaki na aibu, acha. Toeni farasi na askofu mapema, mficheni mfalme pembeni, malkia asitangulie. Mkitaka kufika mbali, mkumbukeni Phiona Mutesi: alijifunza sataranji katika kitongoji cha Katwe, Kampala, na mwaka 2012 akapata cheo cha mchezo huo kwenye Olimpiadi ya sataranji ya Istanbul. Mezani pa namna hiyo mpinzani amekwisha kuiona mitego yenu yote.

Na hata nje ya ubao ni hivyo. Njia ya mwongo ni fupi. Anayeuza kwa hila sokoni Kasongo humpata mteja mara moja. Anayeuza mali njema kwa werevu humwona tena wiki ijayo, tena amekuja na ndugu yake. Jengeni kwanza, wanangu, ndipo mtege.