Nani Atawapaka Rangi Wapagazi?

Huko Uingereza kuna kabila la wazee wanaocheza vita mezani. Usicheke. Wana wanajeshi wadogo wa madini ya risasi (ndio, neno lile lile la kinachotoka kwa bunduki), urefu wa milimita 25 hivi, kila mmoja amepakwa rangi kwa mkono kutoka viatu mpaka vifungo vya koti. Mchezo wenyewe una nasaba ndefu. Maofisa wa Prussia waliutumia kujifunzia vita tangu miaka ya 1820, na mwaka wa 1913 H. G. Wells, yule wa hadithi za sayansi, akachapisha Little Wars, kitabu cha kanuni za kupigana sakafuni kwa vimizinga vya springi. Mwaka uliofuata Ulaya ikaingia vitani kikweli.

Sasa wachezaji wa miaka ya 1960 na 70 wanaondoka mmoja mmoja, na majeshi yao yanabaki kwa madroo. Mtu anayarithi, ama anayanunua mnadani, kisha anaamua kuyafufua. Hapo ndipo swali linapoanza, na naona si swali la wazungu na midoli yao peke yao.

Lakini kazi kwanza, maana ni tamu. Adui mkubwa ni sanduku. Mbao za mwaloni hutoa mvuke wenye asidi, na asidi ikikutana na risasi inaila polepole mpaka inakuwa unga wa kijivu. Unafungua droo baada ya miaka 40 unakuta mpanda farasi ameanza kumomonyoka. Unga huo ni sumu, so usijaribu kuupuliza. Wale wa plastiki laini, kama wa Airfix, wana shida yao: plastiki inakunjika, rangi haikunjiki, basi inabanduka vipande vipande. Halafu kuna wanaotaka kuanza upya kabisa. Wanamlowesha mwanajeshi kwa Dettol, ndio, hiyo hiyo ya bafuni kwenu, kisha wanamsugua na mswaki mzee. Rangi inatoka kama uji. Unabaki na mtu wa chuma, uchi, safi, hana historia.

Hilo ndilo linanisumbua. Ile rangi iliyoingia kwa sinki ilikuwa ya mtu. Alikaa usiku baada ya kazi, akachagua nyekundu ile akaacha nyingine, akapinda vifungo kwa sababu macho yalichoka. Zamani walipenda vanishi inayong'aa kama kiatu cha polisi. Siku hizi fasheni ni rangi iliyofifia, yenye vivuli. Anayeosha anadai anaboresha. Sawa, lakini kila kizazi kikimwosha aliyetangulia, hakutakuwa na mkusanyiko wa zamani. Kutakuwa na risasi tu.

Kwa hivyo gundi ndio, Dettol hapana. Ningeishia hapo kama majeshi yote yangekuwa ya Napoleon.

Shida ni kwamba kuna wanaocheza vita vya huku kwetu. Tanga, Novemba 1914: jeshi la Waingereza na Wahindi linashuka melini, linachapwa na askari wa Lettow-Vorbeck waliokuwa wachache kuliko wao, na katikati ya vurugu nyuki nao wanaingia. Kwa mchezaji hiyo ni asali. Sasa chukua mkusanyiko wa zamani wa vita hivyo. Afisa mzungu ana masharubu, mashavu mekundu, macho yenye nukta. Askari wake thelathini wamechovywa kahawia moja, hakuna jicho hata moja. Sisemi yote iko hivyo. Nasema, ukiachiwa huo, utafanyaje? Ukiuhifadhi, unahifadhi mkono wa mtu aliyeona wengine sura na wengine rangi. Ukiuosha, unamsafishia jina, na kesho mtu ataamini kwamba mwaka wa 1970 walikuwa wakituona vizuri.

Kuna mfano wa zamani wa kusahihisha jeshi. Afisa mmoja, William Siborne, alikaa miezi minane uwanjani Waterloo, akawaandikia barua maofisa waliopigana pale, halafu akatengeneza vita vyote kwa wanajeshi wadogo makumi ya maelfu. Mwaka wa 1838 watu walimiminika London kuvitazama. Wakubwa walinuna: Waprussia walikuwa wengi mno mahali ambapo ushindi ulitakiwa uwe wa Wellington. Mwishowe Waprussia kwa maelfu wakang'olewa. Modeli hiyo ingali National Army Museum, inapendeza sana, na haina watu hao.

Sisi tunajua kung'olewa. Katika vita vya 1914 hadi 1918 hapa Afrika Mashariki, wapagazi walikuwa wengi kuliko wapiganaji mara kadhaa, na walikufa kwa makumi ya maelfu, zaidi kwa magonjwa na njaa. Kutoka kwa kikosi chao tulipata Kariokor ya Nairobi na Kariakoo ya Dar. Pale Kenyatta Avenue, kati ya zile sanamu tatu za shaba za 1928, mmoja ni mpagazi, ingawa wengi tunampita tukikimbilia matatu. Mezani huwa anakuja mmoja au wawili na sanduku kichwani, kama fanicha.

Kuna atakayesema, manze, ni midoli tu. Basi kwa nini wakubwa walijali Waprussia wa urefu wa ukucha?

Mimi wale thelathini ningewaacha walivyo. Ningewanyoosha bunduki, na chini ya vibao vyao niandike nani aliwapaka na mwaka gani, kama inajulikana. Kisha ningepaka wengine kando yao, wenye macho, kila mmoja na weusi wake. Wapya watakuwa warefu kidogo, maana siku hizi kipimo kimepanda hadi milimita 28. Acha waonekane. Na wapagazi ningewaweka kwa hesabu yao halisi: kwa askari thelathini, mia na zaidi. Meza haitatosha. Jeshi litatambaa, kete ya ugonjwa itaangusha watu kabla bunduki ya kwanza haijalia, na kufikia saa nne usiku mzee mmoja atalalamika kwamba mchezo umeharibika.