Nani Anakaa Kwenye Nafasi Tupu?

Kuna swali niliulizwa Jumamosi moja jioni, dadu ikiwa mkononi, na mpaka leo halijaniacha. Nilidhani ni swali la mchezo. Kumbe lilikuwa la maadili, na mimi niliyeulizwa sikuwa na jibu.

Kwanza niwaeleze wasioujua mchezo wenyewe. Tunakaa watano kuzunguka meza. Mmoja ni msimulizi: yeye ndiye mvua na jua, mfalme na mwizi, mlango uliofungwa na chui aliye nyuma yake. Wanne waliobaki kila mmoja ana mhusika wake, na husema anachotaka kufanya: nabisha hodi, nakimbia, nadanganya. Pakiwa na mashaka, dadu ya pande 20 inaamua. Mchezo uliofungua njia hii ni Dungeons & Dragons, uliotungwa na Gary Gygax na Dave Arneson na kutolewa Marekani mwaka 1974. Sisi kwenye kijiwe chetu hapa Dar hatuna makubwa: kitabu kimoja kilicholegea kurasa, daftari, penseli na maneno mengi. Na kwa kuwa msimulizi ni mimi, ramani ni kazi yangu.

Wiki ile sikuwa na muda. Nikafungua programu iitwayo Azgaar's Fantasy Map Generator, ya bure, inayofanya kazi kwenye intaneti. Hii ukiigusa tu inakumwagia bara zima: pwani, mito, milima, mipaka ya dola, miji, hata dini. Nikabofya na kubofya mpaka nikapata bara linalopendeza macho. Magharibi kulikuwa na miji minne mikubwa, mashariki bandari, na katikati eneo pana lisilo na jina. Nikaandika juu yake "Pori". Mezani nikatangaza: mfalme anataka barabara iliyonyooka kutoka bandarini hadi miji ya magharibi, na watakaoipima watalipwa dhahabu.

Mmoja wetu, fundi redio, mtu wa maneno machache, akaweka kidole juu ya lile neno.

"Hapa wanakaa nani?"

"Hakuna mtu. Ni pori."

"Nani kasema?"

Washikaji wakacheka. Na mimi nikacheka. Yeye hakucheka, na sote tukanyamaza tulipokumbuka. Nyumba ya mama yake ina alama ya X nyekundu ukutani. Barabara inapita. Aliwahi kutuhadithia alivyokwenda kuiangalia ramani ya mradi: pale ilipo nyumba yao, na za majirani, na kisima, na msikiti mdogo wa mabati, paliachwa peupe. Hapakuandikwa kitu.

Sasa yupo atakayeniambia: wewe bwana, unatafuta lawama bure. Ile ni nchi ya kubuni. Watu wasiokuwepo hawawezi kunyang'anywa ardhi isiyokuwepo. Hoja hii ina nguvu, na niliishikilia siku tatu nzima. Ni kweli, hakuna aliyeumizwa na pori langu. Lakini nilipojichunguza niliona kwamba sikuliita eneo lile pori baada ya kufikiri na kuamua kuwa halina watu. Niliita pori kwa sababu sikufikiri. Mkono ulikwenda wenyewe. Na mkono uliozoea hivyo mezani, utafanya nini siku ukipewa kalamu ya kweli? Yule aliyechora ramani ya mradi, naamini, hakuwa na chuki na mama wa mtu. Alikuwa na haraka, kama mimi.

Historia inayajua haya. Mwaka 1798 James Rennell, bingwa wa ramani wa Uingereza, alichora Afrika Magharibi safu ndefu ya milima iitwayo Kong, akikisia kutokana na habari za msafiri Mungo Park na nadharia yake mwenyewe kuhusu mto Niger. Safu hiyo haikuwepo. Ikanakiliwa ramani baada ya ramani kwa takriban miaka 90, hadi Mfaransa Louis-Gustave Binger alipopita huko, na mwaka 1889 habari ikatoka kwamba hakuna milima ile. Huku kwetu, wamisionari Erhardt na Rebmann walitoa mwaka 1856 ramani yenye ziwa moja la ajabu katikati ya bara, limelala kama konokono asiye na nyumba. Hawakuwahi kulifikia. Walikusanya habari kwa watu wa misafara walioshuka pwani, na habari zenyewe hazikuwa za uongo: maziwa yalikuwepo, Nyanza, Tanganyika na Nyasa. Wao wakayaunganisha yakawa moja. Wote walikosea. Lakini kosa la waliouliza wenyeji lilikuwa na maji ya kweli ndani yake. Kosa la aliyekisia lilikuwa mawe matupu.

Basi tuje kwenye programu, maana hili ndilo vijana wenzangu huuliza: nichukue ipi? Zipo za namna nyingi. Ipo hiyo niliyoitaja, inayotunga yenyewe. Ipo Inkarnate, inayofanya kazi kwenye intaneti na kukupa picha za miti, majumba na milima uzipange utakavyo. Ya bure ina mipaka yake, na ukitaka kuuza kazi yako sharti ulipie usajili. Bando likiisha, unaiaga nchi yako kwa muda. Zipo unazonunua mara moja zikakaa kwenye kompyuta yako, kama Wonderdraft, au Campaign Cartographer iliyoanza mwaka 1993, ambayo ni ngumu kujifunza kwa kuwa imejengwa juu ya programu ya uchoraji wa kihandisi. Na ipo Krita, ya bure, isiyokupa bara wala mji, inakupa karatasi nyeupe na brashi.

Bei, umeme na bando ni mambo ya kupimwa, sibishi. Mfuko wa kijana tunaujua. Lakini kuna kipimo kingine. Programu ikikujibu kabla hujauliza, umepoteza kitu. Hizi picha zilizo tayari, nyingi ni ngome za mawe na misonobari ya Ulaya. Ukizichukua tu, mji wako wa pwani utaota misonobari na hutajua nani kaipanda. Mashine haina dhambi hapa. Wonderdraft, kwa mfano, inakuruhusu kuingiza picha zako mwenyewe, mbuyu, jahazi, nyumba ya makuti. Swali ni kama utajisumbua kuzichora.

Nikatafuta mtihani mmoja rahisi, nikaupata kwa mwandishi wa zamani. Robert Louis Stevenson alichora ramani ya kisiwa mwaka 1881, na kutoka kwenye ramani hiyo ikazaliwa hadithi ya Treasure Island, iliyotoka kama kitabu mwaka 1883. Ramani ikapotea ilipotumwa kwa wachapishaji. Ilibidi arudi ndani ya hadithi yake, akusanye kila kilichosemwa kuhusu kisiwa, achore upya. Mwenyewe alilalamika kwamba ile ya pili haikuwa kisiwa chake. Lakini aliweza kuichora! Kila kilima kilikuwa na sababu ndani ya hadithi. Basi jiulize: ramani yangu ikipotea usiku huu, naweza kuichora tena kesho? Kama unaweza, ni yako, hata kama ilianzia kwenye mashine. Kama huwezi, umeazima. Mimi lile bara langu nisingeweza kuchora hata pwani yake.

Na nafasi tupu je? Hapa waliotufundisha ni vijana wa mitaani. Mwaka 2009, Kibera, Nairobi, ilikuwa karibu nyeupe kwenye ramani za hadhara, na watu walikuwa wamejaa tele. Vijana wa palepale, katika mradi wa Map Kibera, wakatembea na vifaa vya kupimia mahali, wakaweka vichochoro, mabomba ya maji, shule na zahanati. Hapa Dar, mradi wa Ramani Huria ulianza mwaka 2015, wanafunzi na wakazi wakipita mitaa inayofurika mvua zikinyesha, wakiuliza maji hufika wapi. Hawakukaa ofisini kungoja mashine iwakisie. Waliuliza mlango kwa mlango.

Jumamosi iliyofuata nilikuja na karatasi. Sikuwa na programu yoyote. Nikamwambia fundi redio: lile eneo ni lako, sema wewe. Akafikiri, akasema wanakaa wachimba chumvi, visima vyao viwili, wanaliita Kwetu, kwa sababu hakuna aliyewahi kuwauliza jina. Tukacheza mpaka saa nne usiku. Barabara ya mfalme haikupita siku ile, wala haikukataliwa. Kuna mzee wa chumvi anataka kwanza kuona ramani. Baadaye niliinakili karatasi ile kwenye Krita, na visima vipo.

Sitawadanganya kwamba mchezo ulifuta kitu. X ya nyumba ya mama yake ingali ukutani ninapoandika haya. Ila sasa nina kanuni moja, na ninawapa bure ninyi mnaotunga nchi, iwe kwa programu, iwe kwa penseli: kabla hujaandika "Pori", weka kidole pale, ujiulize wanakaa nani, wanachota maji wapi, na wenyewe wanapaitaje. Ukishindwa kujibu, acha wazi na uandike ukweli, kwamba hujauliza bado.